Kukopi CD za muziki kuwa FLAC kwa kisoma skrini: chagua programu inayoandika ripoti

Programu ya kukopi CD inaweza kutamka kila kitufe vizuri, ikatii Tab na mishale, halafu ikakuachia wimbo wenye mkwaruzo dakika ya tatu bila kukwambia neno. Anayeona ataliona kosa hilo kama taa nyekundu kwenye skrini wakati diski inazunguka. Anayetumia kisoma skrini (programu inayosoma skrini kwa sauti) kama NVDA au JAWS atalijua siku ya harusi, spika zikiwa wazi na wageni wamesimama kucheza. Ndiyo maana hapa tunapima programu kwa maswali mawili. Je, inasomeka? Na ikimaliza, inaacha ripoti ya maandishi unayoweza kuifungua kwenye Notepad na kuipitia mstari kwa mstari? La pili lina uzito kuliko la kwanza. Kitufe kisicho na jina unaweza kukariri mahali kilipo. Ripoti ambayo haikuandikwa huna pa kuitafuta.

Maelezo mengi ni ya Windows, kwa kuwa laptopu za ex-UK (zilizotumika Uingereza) zinazouzwa mjini Nairobi, zile nzito za maofisini, bado unazipata na draivu ya CD ndani. Mac na Linux zimo pia, kwa ufupi.

Kuhusu FLAC yenyewe, ambayo ni aina ya faili ya sauti: CD ya muziki hubeba sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli biti 16, chaneli mbili. Hiyo ni zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa dakika. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti. FLAC hubana tu, na ukiifungua unapata biti zilezile zilizokuwa kwenye diski. Albamu ya dakika 60 ambayo ingekuwa megabaiti 635 hushuka hadi 300 au 400 hivi, kwa hiyo flashi ya GB 64 inabeba albamu kama 150. Masikio yaliyozoea woofer za matatu za Rongai huenda yasisikie tofauti na MP3 nzuri. Faida iko kwingine: faili ya FLAC unaweza kuigeuza kuwa aina yoyote baadaye, hata mara kumi, na ile ya asili isipungue chochote.

Kwanza jua umeshika nini

Diski iliyonunuliwa River Road, iliyotoka kwa mchuuzi wa Tom Mboya, au iliyokaa miaka kwenye sanduku la mzee, zote ni sawa mkononi. Ndani kuna aina nne, na moja tu ndiyo CD ya muziki kamili. Usianze na programu yoyote kabla ya kuzitofautisha.

Weka diski, bonyeza Windows+E, nenda This PC, shuka hadi kwenye draivu. Usibonyeze Enter, maana mara nyingi Windows itaanza kupiga muziki. Bonyeza Shift+F10, chagua "Open", kisha sikiliza majina ya faili:

Ukisikia Track01.cda, Track02.cda na kuendelea, hiyo ni CD ya muziki. Ndiyo tunayoitaka.

Ukisikia majina yanayoishia na .mp3, hiyo ni diski ya data. Hakuna cha kubana hapo. Ziweke alama faili, Ctrl+C, Ctrl+V, basi. Ukizigeuza kuwa FLAC utapata faili kubwa mara nne au tano yenye sauti ileile.

Ukikuta folda iitwayo MPEGAV yenye faili za .DAT, hiyo ni VCD ya video. Ukikuta VIDEO_TS, ni DVD. Albamu nyingi za injili zilitoka hivyo, na sauti yake ilishabanwa tangu kiwandani.

Jambo linalowapoteza wengi: faili ya .cda ina baiti 44 tu. Hakikisha mwenyewe kwa Alt+Enter. Haina muziki, ni kielekezi tu kinachosema wimbo unaanzia wapi kwenye diski. Mtu anakopi faili kumi na mbili za .cda kwa sekunde moja, anafurahi, anafika nyumbani flashi haipigi chochote.

Upande wa kusoma, kusafisha, kuketisha

Kujua upande wa chini bila macho ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Pitisha ncha ya kidole kuzunguka tundu la katikati, sentimita moja hivi kutoka ukingoni mwa tundu. Upande wa kusomwa una kituta cha mviringo kilichoinuka, kama uzi mwembamba uliopinda duara. Kiliwekwa ili diski zikipangwa moja juu ya nyingine zisisuguane. Upande wa maandishi kwa kawaida hauna mwinuko huo, na wino wake mara nyingi unashika kidole kidogo.

Safisha kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, ukivuta kutoka katikati kwenda nje, mistari iliyonyooka. Usizungushe. Muziki kwenye CD umeandikwa kwa njia ndefu inayozunguka, na mfumo wa kusahihisha makosa unaweza kufidia pengo la takriban milimita 2.5 kwenye njia hiyo. Mkwaruzo unaokata njia kimsalaba huchukua sehemu ndogo tu ya kila mzunguko, na unafidiwa. Unaofuata mzunguko unaweza kula sentimita nzima mfululizo, na hapo hakuna cha kufidia. Dawa ya meno, ambayo wengine huipaka kwenye mikwaruzo, tuiache mswakini.

Upande wa juu, ule wenye picha, ndio dhaifu zaidi. Chini kuna plastiki ya milimita 1.2 kabla ya kufikia tabaka linalorudisha mwanga. Juu kuna vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa kucha upande wa juu unaweza kung'oa muziki wenyewe, na hakuna programu itakayourudisha.

Draivu za laptopu na zile za nje za USB zina kitovu chenye meno madogo. Shikilia trei kwa chini kwa vidole vya mkono mmoja, bonyeza diski karibu na tundu kwa mkono mwingine mpaka usikie kitovu kikishika: tak. Usiposikia, diski imelala juu ya meno. Ukifunga, itasaga na draivu itagoma kuisoma.

Draivu ya kununua

Barabara ya Luthuli utapata draivu za nje za USB za kila jina. Nenda na CD yako ya kiwandani, iliyo safi, na laptopu yako. Mwambie muuzaji, "Boss, chomeka kwa mashine yangu tusikie kwanza." Sikiliza vitu viwili: diski itulie baada ya kuanza kuzunguka, isipande na kushuka kasi kila mara, na .cda zionekane zote kabla ya nusu dakika. Draivu inayotoa tik-tik kisha inapotea kwenye This PC, mara nyingi haijaharibika; haina umeme wa kutosha. Ijaribu kwenye tundu la USB la mashine yenyewe, kamwe si kupitia hab isiyo na adapta. Zenye kebo ya vichwa viwili, chomeka vyote viwili.

Kama laptopu yako haina betri inayoshika, usianze kazi hii jioni yenye mvua. Stima ikikatika katikati, wimbo uliokuwa ukikopiwa unabaki nusu, na programu nyingine huiacha faili hiyo nusu ikiwa na jina kamili kana kwamba imekwisha.

Jinsi ya kupima programu yoyote kwa dakika kumi

Hata zile tunazozisifu hapa zipime mwenyewe, kwa kuwa toleo jipya linaweza kuvunja kilichokuwa kikifanya kazi.

Fungua programu na diski ikiwa ndani. Tembea kwa Tab mpaka urudi ulipoanzia. Kila kituo kisemwe jina lake. Ukisikia "button" tupu zaidi ya mara mbili au tatu, andika alama ya kuuliza. Shuka kwenye orodha ya nyimbo kwa mishale: je, unasikia namba, jina na urefu, au unasikia "row 1, row 2"? Je, tiki ya kila wimbo inasemwa ikiwekwa na ikiondolewa kwa Space? Fungua mipangilio, hama kati ya tabu kwa Ctrl+Tab. Kisha kopi wimbo mmoja tu na usikilize maendeleo. NVDA kwa kawaida hupiga mlio unaopanda jinsi mstari wa maendeleo unavyojaa. NVDA+U hubadilisha kati ya mlio, maneno, vyote viwili, au kimya. Kusikia mstari wa hali ulio chini ya dirisha, bonyeza NVDA+End kwa mpangilio wa kibodi ya mezani, NVDA+Shift+End kwa laptopu. Kwa JAWS ni Insert+PageDown. NVDA+B itakusomea dirisha zima la mbele, na ni msaada mkubwa pale kisanduku cha onyo kinapojitokeza bila kutangazwa.

Mwisho, tafuta ripoti. Iko wapi? Inafunguka kwa Notepad?

Ya kuanzia: foobar2000

Kwa mtu anayeanza, tunapendekeza foobar2000. Ni ya bure, ni nyepesi hata kwa mashine ya RAM ya GB 4, na menyu na orodha zake kwa kiasi kikubwa zinasomeka bila vita. Pakua vitu viwili kutoka tovuti yake: programu yenyewe, na kifurushi cha bure cha visimbaji (programu ndogo za kugeuza sauti kuwa FLAC na aina nyingine) kiitwacho Free Encoder Pack. Bila cha pili, ukifika kwenye FLAC itakuuliza flac.exe iko wapi, na wengi hukata tamaa hapo.

1. Fungua menyu kwa Alt, ingia "File", chagua "Open Audio CD". Draivu yako itakuwa kwenye orodha.

2. Kabla ya yote, ingia mipangilio ya draivu kwa kitufe cha "Drive Settings". Usalama wa usomaji uache "Standard". Diski iliyochoka iweke "Paranoid". Hapohapo kuna nafasi ya ofuseti, tutaieleza punde.

3. Rudi, bonyeza "Rip". Orodha ya nyimbo itafunguka. Kama una bando, iambie itafute majina mtandaoni; inatumia data kidogo sana. Majina yasipopatikana, jaza jina la msanii na albamu, nyimbo ziache na namba zake kwa sasa.

4. Nenda kwenye kipangilio cha ubadilishaji. Chagua FLAC. Kiwango cha ubanaji ni 0 hadi 8. Namba hiyo haigusi sauti hata kidogo, inagusa muda na ukubwa tu. 5 inatosha, 8 inaokoa megabaiti chache.

5. Chagua folda ya kuhifadhi, na mpangilio wa majina uanze na namba ya wimbo yenye tarakimu mbili. Usipoweka sifuri mbele, redio nyingi za gari zitapiga wimbo wa 1, kisha wa 10, kisha wa 2.

6. Anza. Ikimaliza itafungua dirisha la matokeo ya maandishi. Lisome lote, kisha Ctrl+A, Ctrl+C, libandike kwenye faili ya maandishi ndani ya folda ya albamu.

Kwenye matokeo hayo utakutana na jina AccurateRip. Hii ni hifadhidata ya namba za ukaguzi zilizotumwa na watu wengine waliokopi diski ileile. Namba yako ikilingana na zao, hakuna haja ya shaka: makosa ya draivu mbili tofauti hayafanani. Ili kulinganisha, programu lazima ijue ofuseti ya draivu yako, kwa kuwa kila modeli huanza kusoma sampuli chache mbele au nyuma ya inapopaswa. Ofuseti ya +6, kwa mfano, ni kama sehemu moja ya elfu saba ya sekunde. Sikio halitajua, ila namba za ukaguzi hubadilika zote. Orodha ya modeli na ofuseti zake iko kwenye tovuti ya AccurateRip. Jina la modeli utalipata kwenye Device Manager.

Ya CD za hapa kwetu: Exact Audio Copy

Tatizo la AccurateRip ni kwamba inajua diski ambazo watu wengine wamezikopi. Albamu ya rumba iliyochapwa Ulaya ina nafasi nzuri ya kuwemo. CD ya benga ya lebo ndogo ya River Road, ya kwaya ya parokia, au ya taarab iliyochapwa nakala chache, huenda haimo kabisa. Hapo huna wa kulinganisha naye isipokuwa wewe mwenyewe: kopi mara mbili, kisha namba za mara ya kwanza na ya pili zilinganishwe. Exact Audio Copy, kwa kifupi EAC, iliyoandikwa na Mjerumani Andre Wiethoff, inafanya hivyo kwa amri moja. Ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani.

Kwa kisoma skrini EAC ni mbichi kuliko foobar2000. Wakati wa kukopi, makosa huonyeshwa kwa viboksi vyekundu vinavyowaka safu moja, na usitegemee NVDA kuvitamka. Lakini ripoti yake ya maandishi ndiyo bora kati ya zote za bure, na hilo linafidia mengi.

Mara ya kwanza inafungua msaidizi wa mipangilio. Ukiulizwa kati ya matokeo sahihi na ya haraka, chagua sahihi. Ukiulizwa kama wewe ni mgeni au mjuzi, chagua mjuzi, hata kama si kweli. Ukichagua mgeni inakuficha menyu unazozihitaji. Baada ya hapo:

F10 hufungua mipangilio ya draivu. Kwenye tabu ya njia ya kusoma hakikisha "Secure mode" imechaguliwa, bonyeza kitufe cha kutambua uwezo wa draivu ukiwa na CD safi ndani, kisha kubali inachosema kuhusu "Accurate Stream" na kumbukumbu ya muda (cache). Ile ya C2 (taarifa za makosa kutoka kwa draivu yenyewe) iache bila tiki, hata draivu ikidai inaiweza. Draivu nyingi husema uongo hapo. Katika hali hii salama EAC husoma kila kipande angalau mara mbili, na kikikataa kufanana inarudia kwa mafungu ya mara 16, hadi mara 82 kwa jumla. Ndiyo maana CD moja mbovu inaweza kula saa nzima huku draivu ikinguruma. Usidhani imekwama.

F11 ni mipangilio ya ubanaji. Kwenye tabu ya programu ya nje, weka tiki ya kuitumia, andika kiambishi .flac, onyesha flac.exe ilipo, ondoa tiki ya ID3, mfumo wa majina wa MP3, kwa kuwa FLAC ina mfumo wake wa majina, na kwenye mstari wa amri bandika huu wote bila kuukata:

-8 -V -T "ARTIST=%artist%" -T "TITLE=%title%" -T "ALBUM=%albumtitle%" -T "DATE=%year%" -T "TRACKNUMBER=%tracknr%" %source% -o %dest%

Ile -V inaiambia FLAC ijikague wakati inaandika. Nafasi moja ikikosekana kati ya alama, EAC itakopi vizuri kisha ishindwe kwenye FLAC, na utakuta faili za WAV zisizobanwa tu kwenye folda. Ukiona hivyo, kosa liko kwenye mstari huu. Diski haina lawama.

F9 ni mipangilio ya jumla. Kwenye tabu ya zana washa uandikaji wa ripoti wa moja kwa moja kila kopi inapokwisha. Hiki ndicho kitu kimoja usichoruhusiwa kusahau.

Sasa kazi yenyewe: kwenye orodha ya nyimbo Ctrl+A, kisha Shift+F6. Hiyo ni jaribu-na-kopi kwenda FLAC. Itakopi kila wimbo mara mbili. Nenda ukapike chai.

Kusoma ripoti kwa dakika moja

Fungua faili ya .log kwenye Notepad. Huna haja ya kuisoma yote. Bonyeza Ctrl+Home, Ctrl+F, tafuta neno "suspicious". Lisipopatikana, tafuta "error" na usikilize mstari mzima: ukisema "No errors occurred", uko salama, ukisema "There were errors", rudi juu wimbo kwa wimbo. Kisha pitia "Test CRC" na "Copy CRC" za kila wimbo. Ni namba za ukaguzi zenye herufi na tarakimu nane. Zikifanana, wimbo umesomwa sawa mara zote mbili. Zikitofautiana, hata kama mwisho pameandikwa "Copy OK", safisha diski na urudie wimbo huo peke yake.

"Suspicious position 0:02:14" ina maana nenda dakika ya 2 sekunde ya 14 ukasikilize kwa hedifoni. Mara nyingine ni tik ndogo, mara nyingine hakuna kitu cha kusikika. Uamuzi ni wako, ila sasa unajua pa kusikiliza. Kama draivu moja imeshindwa kabisa, jaribu nyingine kabla ya kuitupa CD. Diski inayogoma kwenye laptopu inaweza kusomeka vizuri kwenye draivu kubwa ya kompyuta ya mezani.

Nyingine, kwa haraka

dBpoweramp ni ya kulipia, ina kipindi cha majaribio, na waliotengeneza AccurateRip ndio haohao. Kama una mamia ya CD na kazi yako inalipa, ijaribu kabla ya kuamua. Kwa CD ishirini za nyumbani, hapana.

Windows Media Player ya zamani inakopi kwenda FLAC tangu Windows 10, na Media Player mpya ya Windows 11 pia. Inasomeka, haihitaji kusakinisha chochote, na ina chaguo la kutoa diski ikimaliza, ambalo ni taarifa nzuri: trei ikikugonga mkono, kazi imekwisha. Lakini haiandiki ripoti. Ukilazimika kuitumia, ingia "Options", tabu ya "Devices", chagua draivu, "Properties", washa usahihishaji wa makosa kwa kusoma. Na badilisha aina ya faili kabla ya kuanza, usije ukapata WMA ya kawaida.

Kwenye Mac, programu ya Music inakwenda vizuri na VoiceOver, kisoma skrini cha Mac. Kwenye mipangilio ya kuingiza chagua Apple Lossless na uwashe usahihishaji wa makosa. Si FLAC, ila haipotezi kitu vilevile na inageuzika. Programu ya XLD ndiyo inayoandika ripoti kwa upande huo.

Linux ina njia safi kuliko zote, kwa kuwa amri ni maandishi mwanzo hadi mwisho. Sakinisha programu za abcde na flac, kisha andika abcde -o flac -N -x. Ile -N inaizuia kuuliza maswali, -x inatoa diski mwishoni. Kuna kero moja: cdparanoia inayosoma diski huonyesha hali yake kwa vikatuni vya uso vya alama, na Orca, kisoma skrini cha Linux, itakutamkia koloni, kistari, mabano, koloni, kistari, mabano, mpaka utamani kuizima. Elekeza matokeo kwenye faili kwa kuongeza > ripoti.txt 2>&1 mwishoni mwa amri. Anayetaka AccurateRip na ripoti kamili atumie programu ya whipper: kwanza whipper drive analyze, kisha whipper offset find, kisha whipper cd rip. Kwa CD ya hapa isiyojulikana mtandaoni ongeza --unknown.

Majina ya nyimbo

Sauti ya Kiingereza ikisoma majina ya Kiswahili, Kijaluo au Kikamba, hutasikia kosa la herufi hata likiwa kubwa kama nyumba. Kwenye NVDA chagua eSpeak NG na sauti ya Kiswahili wakati wa kuandika majina, na ukitilia shaka neno, lipitie herufi kwa herufi kwa mishale. Tumia foobar2000 kuandika: weka albamu nzima kwenye orodha, Ctrl+A, Alt+Enter, jaza msanii, albamu na mwaka mara moja kwa nyimbo zote, kisha ingia wimbo mmoja mmoja kwa jina lake. Amua tahajia moja ya kila bendi na uishikilie. Bendi ileile ikiandikwa kwa namna tatu, simu yako itaigawa kuwa wasanii watatu. Karatasi ya kasha mwombe mtu akusomee mara moja, urekodi kwa simu, usimwite kila wimbo.

CD "halisi" iliyochomwa kutoka MP3

Diski inaweza kuwa na .cda zote, ikasomwa bila kosa, ripoti ikawa safi, na bado muziki ukawa ulitoka kwenye MP3 kabla ya kuchomwa. Hakuna programu ya kukopi itakayokwambia hilo. Wanaoona huangalia picha ya masafa ya sauti. Wewe tumia namba. SoX ni ya bure na inaendeshwa kwa amri:

sox wimbo.flac -n sinc 17k stats

Amri hii inaondoa sauti zote zilizo chini ya takriban hetzi 17,000, kisha inapima kilichobaki. Sikiliza mstari wa "RMS lev dB". Fanya hivyo kwanza kwa CD ya kiwandani unayoiamini, ya muziki wenye matoazi mengi, ili upate namba ya kulinganisha. MP3 ya 128 kbps kwa kawaida hukatwa karibu na hetzi 16,000, hivyo wimbo uliotoka huko utabaki na karibu kimya kitupu: namba itazama chini sana kuliko ile ya kiwandani. Tahadhari moja: zilizopendwa zilizorekodiwa kwenye tepu kuukuu nazo zina kidogo sana huko juu. Usimwite muuzaji mwizi kwa namba moja.

Kuhamisha na kuhifadhi

Flashi za bandia zimejaa mjini: zimeandikwa GB 128, ndani ni 8, na zinapokea faili zote bila kulalamika huku zikifuta za mwanzo. Pima flashi mpya kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini. Matokeo yake ni maandishi unayoweza kuyakopi. Baada ya kuhamisha muziki, fungua Command Prompt ndani ya folda ya albamu kwenye flashi hiyo, si kwenye kompyuta, na uandike:

flac -ts *.flac

Kila faili ya FLAC hubeba ndani yake namba ya ukaguzi ya sauti ya asili, na amri hii inaifungua kila moja na kulinganisha. Ikipata kosa inasema jina la faili. Ikikuta kila kitu sawa hairudishi hata neno. Utasikia tu njia ya folda ikisomwa tena.

CD iweke, kwa ajili ya siku utakapotaka kurudia wimbo uliokataa. Lebo ya breli ibandike kwenye kasha. Ukiibandika kwenye diski, uzito wake huipoteza mizani ikizunguka, na gundi ikikauka hung'oka na vanishi ya juu.